Kashata moja sasa au mbili baadaye: jaribio la subira ya watoto linapima nini hasa?

Tangu mwanzo wa mwaka huu kuna video fupi inayopita kutoka simu hadi simu katika makundi ya wazazi hapa Mtwara. Inamwonyesha mtoto wa Kizungu aliyeketi mbele ya meza, akikitazama kitamutamu cheupe kilichowekwa juu ya sahani, huku sauti ya msimulizi ikieleza kwamba mtoto anayeweza kusubiri bila kukila atafanikiwa maishani, na anayekila mapema ameshaonyesha maisha yake yatakavyokuwa. Video haisemi jaribio lilifanyika wapi, lilihusu watoto wangapi, wala wataalamu wengine walikuta nini walipolirudia. Inatoa hukumu tu, na hukumu hiyo imeanza kuingia majumbani na madarasani.

Imeingia kwa dada yangu, anayeishi Mikindani. Jioni moja alimwekea binti yake wa miaka minne na nusu kipande cha kashata ya nazi kwenye kisahani, akamwambia, "Nakwenda dukani mara moja. Ukisubiri mpaka nirudi bila kukila, nitakupa na cha pili." Alipofika kizingitini akageuka, akaona mashavu ya mtoto yamekwisha kujaa. Usiku alinipigia simu akiwa na wasiwasi wa kweli. Jumapili nilipokwenda kuwatembelea nilikaa na mpwa wangu barazani, tukiwa wawili tu, nikamuuliza kwa nini hakumsubiri mama. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi, akajibu: "Nyingine haipo, mjomba." Alikuwa amemwona mama yake akikitoa kile kipande, na alikuwa ameliona bakuli limebaki tupu.

Imeingia pia shuleni. Mzazi mmoja alinionyesha ripoti ya mtoto wake kutoka shule moja ya awali, na kwenye nafasi ya tabia yalikuwa yameandikwa maneno mawili: "Hana subira." Alipouliza msingi wa maneno hayo aliambiwa kwamba watoto walijaribiwa kwa biskuti, kama wafanyavyo wataalamu. Mtoto mwenyewe ana miaka mitano. Mimi ni mwalimu niliyesomea saikolojia ya elimu, na naona ni wajibu wangu kueleza kwa utaratibu jaribio hilo lilikuwa nini, lilionyesha nini, na kwa nini haliwezi kubeba hukumu ya namna hiyo. Kisha nipendekeze utafiti ambao ningependa ufanyike hapa kwetu.

Kwanza maneno matatu yawekwe sawa. Saikolojia ni elimu inayochunguza jinsi watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda. Jaribio, kwa maana ya kisayansi, si mtihani wa kumpasisha au kumfelisha mtu. Ni mpango ambao mtafiti hubadilisha jambo moja kwa makusudi, akaacha mengine yote yalingane kadiri inavyowezekana, kisha akatazama badiliko hilo limezaa nini. Na kuahirisha raha ni kuacha kidogo kilichopo sasa ili kupata kikubwa zaidi baadaye. Mama anayetenga karanga za mbegu na kuzifunga kwenye kibuyu, wakati kuni zipo na sufuria ipo, ameahirisha raha.

Jaribio lenyewe lilibuniwa na Walter Mischel, mwanasaikolojia aliyezaliwa Vienna mwaka 1930, ambaye familia yake ilikimbilia Marekani kuwakwepa Wanazi. Alilifanya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika shule ya awali ya Bing, iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Stanford huko California. Watoto wa shule hiyo walikuwa kwa wingi watoto wa watu wa chuoni, na jambo hilo litatuhusu baadaye.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1970, Mischel na mwenzake Ebbe Ebbesen waliwachukua watoto 32, mdogo akiwa na miaka mitatu na nusu na mkubwa akiwa hajatimiza sita. Kila mtoto aliachwa peke yake chumbani. Akisubiri mpaka mtafiti arudi kwa wakati wake, yaani baada ya dakika 15, alipata chakula anachokipenda zaidi. Akichoka kusubiri aliruhusiwa kumwita mtafiti kwa ishara waliyokubaliana, lakini hapo alipata kile asichokipenda sana. Vyakula vilikuwa biskuti na vijiti vya unga vilivyookwa kwa chumvi. Mashimelo, yaani kile kitamutamu cheupe na laini kama pamba ambacho kimelipa jaribio umaarufu wake, yaliingia katika tafiti zilizofuata.

Kilichobadilishwa kwa makusudi ni kama chakula kiko mbele ya macho ya mtoto au hakipo. Vyakula vyote viwili vilipoachwa mezani, watoto walisubiri kwa wastani wa takriban dakika moja. Vyote vilipoondolewa, walisubiri zaidi ya dakika 11. Ningependa msomaji akae kidogo na tarakimu hizo. Watoto walitoka shule moja, wakawa wa rika moja, wakagawanywa katika makundi bila kuchaguliwa kwa tabia zao, na bado subira yao ilitofautiana zaidi ya mara kumi kwa sababu tu sahani ilikuwepo au haikuwepo. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba mtoto anayefundishwa kufikiria jambo jingine la kufurahisha husubiri zaidi, na hata anayeambiwa ayawazie mashimelo kama mawingu husubiri zaidi ya yule anayewazia utamu wake mdomoni.

Hayo ndiyo yaliyokuwa matokeo ya msingi ya Mischel, na ni kinyume kabisa cha yale yanayosemwa na video. Subira, kwa ushahidi wake mwenyewe, si kitu kama rangi ya macho ambacho mtoto huzaliwa nacho au bila yake. Inapanda na kushuka kulingana na mazingira na mbinu, na mbinu hufundishika.

Basi habari za mafanikio ya maisha zilitoka wapi? Zilitoka katika ufuatiliaji. Miaka kadhaa baadaye Mischel na wenzake, Yuichi Shoda na Philip Peake, waliwatafuta watoto wale, ambao sasa walikuwa vijana. Katika ripoti yao ya mwaka 1990, waliopatikana walikuwa 185. Wakakuta kwamba baadhi ya waliosubiri muda mrefu utotoni walipata alama za juu zaidi katika mtihani unaotumika kuingilia vyuo vikuu vya Marekani. Lakini uwiano wenye nguvu ulionekana katika kundi dogo lenye vijana 35, wale ambao utotoni waliachiwa chakula mbele ya macho bila kufundishwa mbinu yoyote. Watafiti wenyewe walitahadharisha kuhusu udogo wa idadi hiyo. Tahadhari ilibaki kwenye karatasi zao, na habari ikasafiri bila tahadhari.

Hapa ndipo panapohitajika kutofautisha uwiano na sababu. Uwiano ni mambo mawili kupanda au kushuka kwa pamoja. Sababu ni jambo moja kulizaa jingine. Malipo ya korosho yanapoingia, pikipiki mpya huonekana kwa wingi barabarani kutoka Tandahimba hadi Newala, na sherehe nazo huongezeka vijijini. Hakuna anayedhani kwamba pikipiki ndizo zinazoleta sherehe. Kuna jambo la tatu, yaani fedha za korosho, linalozaa yote mawili. Vivyo hivyo, inawezekana kabisa kwamba subira ya mtoto wa miaka minne na alama zake za miaka kumi na minane vyote viwili vimetoka katika chemchemi moja: nyumba yenye chakula cha uhakika, wazazi waliosoma, vitabu sebuleni, na watu wazima wenye nafasi ya kutimiza wanachoahidi.

Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walilichunguza jambo hilo kwa kutumia kumbukumbu za watoto 918 wa Marekani, wakiwatilia mkazo zaidi wale ambao mama zao hawakuwa na shahada ya chuo. Walikuta uwiano kati ya kusubiri utotoni na ufaulu wa umri wa miaka 15, lakini ulikuwa kama nusu ya ule uliotangazwa awali. Kisha wakawalinganisha watoto wanaofanana kwa hali ya familia, malezi ya nyumbani na uwezo wa awali wa akili, na uwiano uliobaki ukapungua kwa theluthi mbili. Mkulima wa korosho hahitaji mwalimu wa takwimu amweleze maana ya ulinganisho huo. Huwezi kuisifu miche ya shamba moja na kuilaumu ya jingine ikiwa shamba la kwanza lilipuliziwa dawa ya salfa kwa wakati na la pili liliachwa kwa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Kwanza weka mikorosho iliyopata salfa sawa na udongo sawa, ndipo useme mbegu ipi ni bora.

Yapo mengine mawili ambayo huchanganywa, nayo yaelezwe kwa ufupi. Matokeo ya utafiti ni wastani wa kundi, na wastani hautabiri mtu mmoja. Wastani wa kilo zinazopimwa na wanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, hauwezi kukwambia bibi fulani mwenye mikorosho arobaini amevuna kiasi gani. Pili, kumwekea mtoto kashata mezani jioni moja si kurudia jaribio. Mtoto huyo huyo akishiba, au akiwa na usingizi, au mama akirudi akiwa na uso mwingine, jibu litabadilika.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu na bakuli tupu, kwa sababu kuna utafiti mmoja ambao unaonekana kana kwamba ulifanywa kwa ajili yake. Mwaka 2013 Celeste Kidd, Holly Palmeri na Richard Aslin wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto 28 wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya kuweka mashimelo mezani, kila mtoto aliletewa vifaa duni vya kuchorea na kuambiwa kwamba akisubiri kidogo ataletewa vizuri zaidi. Kwa nusu ya watoto, mtafiti alirudi na vifaa vizuri kama alivyoahidi. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu, akaomba radhi, akasema vifaa havipo. Jambo hilo likarudiwa kwa vibandiko vya picha: kundi la kwanza lilipata vizuri, la pili likaambiwa tena kwamba havipo. Ndipo yakaletwa mashimelo, pamoja na ahadi ile ile ya kila siku: subiri, utapata ya pili.

Watoto waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12 na sekunde 2. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3 na sekunde 2. Katika kundi la kwanza watoto 9 kati ya 14 walifika mwisho wa dakika 15. Katika kundi la pili alifika mmoja tu. Tofauti yao haikuwa ya tabia, kwa kuwa hakuna aliyewekwa kwenye kundi lake kwa tabia yake. Tofauti ilikuwa mtu mzima aliyesimama mbele yao na historia ya dakika chache aliyoijenga nao. Mtoto aliyekula mapema baada ya kudanganywa mara mbili alikuwa ametumia akili vizuri: amepima uzito wa ahadi, akaona ni nyepesi.

Lugha yetu iliyajua yote mawili zamani. Tunasema subira yavuta heri, na tunasema pia moja shika si kumi nenda uje. Methali hizo hazipingani. Ya kwanza ni ya mtu anayemwamini aliyeahidi, na ya pili ni ya mtu aliyekwisha kuambiwa nenda uje mara nyingi. Mischel naye hakulikana jambo hili. Kabla ya Stanford alifanya kazi Trinidad, na miongoni mwa utafiti wake wa mwanzo, uliochapishwa mwaka 1958, ni ule uliowapa watoto uchaguzi kati ya peremende ndogo ya leo na kubwa ya baadaye. Tangu hapo alitambua kwamba anayesubiri ni yule anayetarajia kwamba kinachoahidiwa kitafika.

Mila nazo zina nafasi yake. Bettina Lamm na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2018, waliwalinganisha watoto wa miaka minne wa jamii ya Nso nchini Kamerun na watoto wa Ujerumani wa tabaka la kati. Takriban asilimia 70 ya watoto wa Nso walisubiri mpaka mwisho, na kwa Wajerumani ilikuwa chini ya asilimia 30. Mwaka 2022 utafiti mwingine ulionyesha kwamba watoto wa Japani, ambako watu hungojeana kabla ya kuanza kula, walisubiri chakula kwa muda mrefu kuliko wenzao wa Marekani, lakini zawadi iliyofungwa kwenye karatasi ilipotumika badala ya chakula, Wamarekani, waliozoea kuacha zawadi zao zikiwa zimefungwa hadi siku ya sikukuu, ndio waliosubiri zaidi. Kila mtoto huwa na subira katika yale ambayo nyumbani kwao yanasubiriwa. Nyumba nyingi za kwetu watoto hula pamoja kwenye sinia moja, na anayezubaa anakuta mkono wa mwenzake umeshafika upande wake. Mtoto aliyekulia kwenye sinia, akiwekewa kipande kimoja na kuambiwa akitazame, ameletewa desturi ngeni kabla ya kuletewa jaribio.

Kwa watu wa Mtwara na Lindi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa subira ndiyo uchumi wetu. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zikapimwa, akapewa stakabadhi, zikaenda ghala kuu, zikanadiwa, na fedha ikaja baadaye kupitia benki. Upande mwingine kuna kangomba, mnunuzi anayekuja mlangoni nje ya mfumo, wakati mwingine kabla hata mavuno hayajaanza, na fedha taslimu mkononi kwa bei ya chini. Ni kashata moja sasa au mbili baadaye, kwa kipimo cha kilo. Mara nyingi nimesikia watu wenye mishahara wakisema kwamba anayeuza kwa kangomba ni mtu asiye na subira. Msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wapo wakulima waliosubiri kwa miezi. Sare za shule hazikuwasubiri. Mtu mwenye mgonjwa ndani ambaye anauza gunia moja kwa bei mbaya ili mtoto apelekwe hospitali leo amefanya hesabu, na hesabu yake ina vitu ambavyo mtazamaji wa nje havioni: njaa ya wiki hii, na kumbukumbu ya ahadi za nyuma.

Ndiyo maana swali ninalotaka lichunguzwe hapa si kama watoto wetu wana subira kuliko wa Marekani. Swali hilo halitusaidii chochote. Utafiti wa Rochester umeacha wazi mambo mawili. Katika jaribio lile, aliyevunja ahadi ndiye aliyetoa ahadi ya mashimelo. Je, mtu mwingine akileta ahadi mpya, mtoto ataanza naye upya, au kutoamini kumeshasambaa kwa watu wazima wote? Na ahadi ilikuwa ama imetimizwa ama imevunjwa. Huku kwetu ahadi nyingi hazivunjwi, bali huchelewa. Je, ahadi iliyochelewa lakini ikafika humwachia mtoto nini: imani ya aliyetimiziwa, au tahadhari ya aliyedanganywa?

Utafiti ninaoupendekeza ungewahusisha watoto 180 wa madarasa ya awali katika shule za msingi, nusu kutoka Mtwara na nusu kutoka Lindi, za mjini na za vijijini. Ungechukua wiki moja ya masomo kwa kila darasa. Jumatatu, mwanamke mmoja asiyejulikana na watoto anakuja, anacheza na kila mtoto kwa muda mfupi, na kumwahidi penseli za rangi kesho yake. Kura ya vikaratasi inaamua mtoto yuko kundi gani. Wa kundi la kwanza wanaletewa penseli Jumanne, kama walivyoahidiwa. Wa kundi la pili hawaletewi kitu Jumanne wala Jumatano, kisha wanaletewa Alhamisi. Wa kundi la tatu hawaletewi kabisa mpaka jaribio liishe. Ijumaa kila mtoto anaingia kwenye chumba tulivu na kuwekewa kipande kimoja cha kashata ya nazi, akiahidiwa cha pili akisubiri. Hapo kura ya pili inafanya kazi yake: nusu ya kila kundi wanaahidiwa na mwanamke yule yule wa Jumatatu, na nusu nyingine na mwanamke mwingine ambaye hawajawahi kumwona. Yanapatikana makundi sita, kila moja likiwa na watoto 30, zaidi ya mara mbili ya makundi yale ya watoto 14 ya Rochester.

Wanawake hao wawili wabadilishane nafasi kutoka shule hadi shule, ili tusije tukapima upole wa sura ya mmoja wao tukadhani tumepima ahadi. Anayehesabu dakika kutoka kwenye video asijue mtoto ametoka kundi gani, kwa sababu ile ile inayofanya mtihani wa taifa usahihishwe kwa namba ya mtahiniwa badala ya jina lake. Maelekezo yatolewe kwa Kiswahili na, pale ambapo nyumbani huzungumzwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua zaidi, yarudiwe kwa lugha hiyo, kisha mtoto aulizwe maswali mawili mepesi ya kuthibitisha kwamba ameelewa. Mtoto asiyeelewa kanuni hawezi kuhesabiwa kuwa ameshindwa kuifuata. Kashata ya pili ionekane kwenye bakuli kabla mtafiti hajatoka. Hilo nimefundishwa na mpwa wangu. Mwisho, matarajio yetu yaandikwe na kuwekwa hadharani kabla ya mtoto wa kwanza kuingia chumbani, ili baadaye tusije tukajifanya tulijua.

Nikiulizwa natarajia nini, naamini waliovunjiwa ahadi na mtu yule yule ndio watakaosubiri muda mfupi zaidi, kama ilivyokuwa Rochester. Kwa mgeni wa pili sina hakika. Wakimsubiri sawasawa na wale waliotimiziwa ahadi, tutajua kwamba mtoto wa miaka mitano humbebesha kila mtu mzigo wake mwenyewe. Muda wao ukishuka hata kwa mtu ambaye hajawakosea, itakuwa habari nzito kwa walimu wote, kwa maana kila ahadi inayovunjwa na mmoja wetu italipwa na mwingine. Na kama makundi yote sita yatasubiri sawa, basi hoja yangu kuhusu ahadi itakuwa imedhoofika hapa kwetu, nami nitalazimika kuiandika hivyo hivyo kwa wino ule ule.

Ipo njia nyingine iliyonivutia kwanza, nayo ni kuwapima watoto wakati wa miezi ya njaa na kuwapima tena baada ya malipo ya korosho. Nimeiacha. Msimu haugawanywi kwa kura. Pamoja na fedha huja chakula, wageni, sherehe na miezi kadhaa ya kukua, na hatutajua kipi kati ya hivyo kilibadilisha subira. Inafaa kuwa utafiti wa kutazama tu, utakaofuata baada ya huu.

Watoto wadogo hawawezi kujitetea, kwa hiyo masharti yawe makali. Kibali kitafutwe Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na mamlaka za elimu za wilaya. Wazazi waelezwe utaratibu wote, pamoja na ukweli kwamba baadhi ya watoto watacheleweshewa au kunyimwa penseli kwa siku chache, na mzazi asiyeridhika amtoe mtoto wake bila kuulizwa sababu. Waulizwe pia kama yupo mtoto anayedhurika na nazi au karanga. Kazi isifanywe katika mwezi wa Ramadhani, wakati utaratibu wa kula wa nyumba nyingi umebadilika. Mwalimu wa darasa asioneshwe dakika za mtoto yeyote, wala zisiingie kwenye ripoti ya shule.

Ijumaa hiyo hiyo, kabla ya kengele ya kurudi nyumbani, kila mtoto apewe kashata ya pili, awe alisubiri au hakusubiri. Wale wa kundi la tatu wapewe penseli zao za rangi, na anayewakabidhi awe mwanamke yule yule aliyewaahidi Jumatatu, mbele ya mwalimu wao, akimwambia kila mmoja kwamba alichelewa yeye na kwamba mtoto hakukosea kitu.